Mshale wa mafuta umekwama? Pima kwanza, spea baadaye

Leo naweka kando habari za programu na hifadhidata. Nina ugomvi na mafundi wa magari wa huku kwetu, na nina ugomvi mkubwa zaidi na wateja wao, yaani sisi. Ugomvi wenyewe unahusu kitu kidogo sana: mshale wa mafuta kwenye dashibodi. Ukikwama, au ukianza kucheza cheza, gereji nyingi zitakupa jibu lile lile: nunua spea. Mimi nasema pima kwanza. Na aliyepima alipwe, hata kama hakufunga kitu.

Kwa asiyepajua, Yamumbi ni hapa karibu na Eldoret, ukitoka mjini unapita Langas. Mji huu haujawahi kuwa na uhaba wa kuyaona mafuta kwa macho. Bomba la Kenya Pipeline lilifika Eldoret mwaka 1994, na malori ya kwenda Uganda yanapakia hapa mchana na usiku. Lakini simama kando ya barabara jioni moja uhesabu magari yaliyozimika kwa kukosa petroli, dereva ameshika kidebe anaomba lifti ya bodaboda. Mwulize, naye atakuambia, "Mshale ulikuwa bado."

Sababu moja ni jinsi tunavyonunua. Tarehe 14 ya kila mwezi EPRA inatangaza bei, tunaguna, kisha tunaenda kituoni na kusema, "Niwekee ya mia tano." Hatununui kwa lita, tunanunua kwa shilingi. Mtu wa namna hiyo anahitaji geji nzuri kuliko tajiri anayejaza tangi kila Jumatatu. Kwake mshale ni daftari la hesabu. Ndiye huyo huyo ambaye geji yake inachoka upesi, kwa maoni yangu, maana boya la ndani ya tangi linaishi miaka yote kwenye robo ya chini likisugua pale pale. Tena pampu ya petroli iliyomo ndani ya tangi inapozwa na petroli yenyewe. Ukiendesha kila siku karibu na E unaipasha moto na kuilisha taka za chini. Kwa hiyo mshale unaodanganya hauishii kukuaibisha njiani, unaweza kukugharimu pampu pia.

Haya, tuingie ndani. Sensa ya mafuta (si ile ya kuhesabu watu!) ni kitu rahisi mno. Kuna boya linaloelea juu ya mafuta, lina mkono wa chuma, na mwisho wa mkono kuna ncha inayoteleza juu ya kipande chenye ukinzani wa umeme. Mafuta yakishuka, ncha inahama, ukinzani unabadilika. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 utapata kama omu 15 tangi likijaa na kama omu 410 likiwa tupu. Si sheria ya dunia nzima: magari ya zamani ya General Motors yalikuwa kinyume, omu 0 likiwa tupu na 90 likijaa. Kwa hiyo usikariri, tafuta kitabu cha gari lako.

Kutoka kwenye sensa kuna nyaya mbili. Mmoja unapeleka habari mbele kwenye dashibodi (au kwenye kompyuta ya gari, kwa magari mapya), na mwingine ni ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Basi. Sensa, waya wa kwenda, waya wa ethi, konekta katikati, na msomaji mwisho wa safari. Sisi waandika programu tungesema ni mnyororo wa moduli nne au tano, na matokeo mabaya mwishoni hayakuambii ni ipi iliyoharibika. Hakuna mwandika programu mwenye akili timamu anayeona namba mbaya kwenye skrini akakimbilia kununua kompyuta mpya. Mbona kwa magari tunafanya hivyo?

Nitoe mfano wa hapa hapa. Jirani yangu, mama anayesambaza maziwa, ana gari dogo la Kijapani ambalo limebeba madebe kuliko lilivyobeba watu. Geji yake ilianza ugonjwa wa ajabu. Akiwasha ufunguo bila kuwasha injini, mshale unapanda vizuri hadi nusu. Akiwasha injini, mshale unaanza kushuka polepole, na baada ya dakika chache umelala kwenye E. Akizima na kurudia, hadithi ni ile ile. Alienda gereji moja, wakachomeka mashine ya kusoma hitilafu, haikuonyesha namba yoyote. Hukumu ikatoka papo hapo: "Mama, hii ni sensa imekufa, na huku sensa inakuja pamoja na pampu. Tafuta ya ex-Japan." Bei aliyotajiwa ilimfanya anyamaze kwanza, kisha akaja kwangu kuuliza kama kweli, kwa kuwa eti mimi ni mtu wa kompyuta.

Sikiliza tena dalili zile. Injini ikiwa imezimwa geji inasema kweli. Injini ikiwaka inasema uongo. Je, sensa inajua kama injini inawaka? Haijui. Ni boya na kipande cha ukinzani tu. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachobadilika injini ikiwaka, na kitu hicho kipo jirani kabisa na sensa: pampu. Ukiwasha ufunguo tu, pampu inanguruma sekunde mbili hivi na kunyamaza. Injini ikiwaka, pampu inafanya kazi muda wote. Na kwenye gari hili, kama ilivyo kwenye mengi, pampu na sensa zinatumia waya mmoja wa ethi.

Tuliinua kiti cha nyuma, konekta ikaonekana. Kipimo cha kwanza: konekta imetolewa, multimita kwenye miguu ya sensa, omu 190 na kidogo. Tukalitikisa gari, namba ikapanda na kushuka taratibu bila kuruka. Sensa nzima! Kipimo cha pili: konekta imerudishwa, ncha moja ya multimita kwenye waya wa ethi pale pale konekta, nyingine kwenye ncha hasi ya betri, kwa waya mrefu. Injini imezimwa: karibu sifuri. Injini inawaka: volti 1.8.

Volti 1.8 kwenye waya ambao kazi yake ni kuwa sifuri! Hesabu ni ya kidato cha pili. Pampu ikivuta ampea 4, volti 1.8 gawa kwa 4 ni omu 0.45. Nusu omu ya kutu, mahali fulani kati ya konekta na bodi. Nusu omu hiyo ukiipima kwa sensa peke yake huioni, maana mkondo wa sensa ni mdogo sana. Lakini pampu ikivuta ampea zake, ethi yote inainuliwa juu kwa karibu volti mbili, na geji, ambayo haijui hayo, inaona volti zimepanda, inadhani ukinzani umepanda, inakata shauri kwamba tangi linakauka.

Tuliufuata waya hadi kwenye boliti yake ya ethi karibu na buti. Kutu nyekundu, imelowa. Madebe ya maziwa yanaoshwa, yanarudishwa yakiwa na maji, maji yanapita chini ya zulia, na hapo ndipo boliti ilipo. Msasa, kukaza, grisi kidogo juu. Tukapima tena injini ikiwaka: volti 0.05. Mshale ukasimama kwenye nusu na kubaki hapo.

Sasa fikiria angenunua ile pampu na sensa yake. Ingefungwa, mshale ungelala kwenye E vile vile. Kisha wangesema ni dashibodi. Angenunua dashibodi, nayo ingesema vile vile. Na pampu mpya ingeendelea kufanya kazi ikiwa imenyang'anywa karibu volti mbili, mpaka siku moja mlimani, gari limejaa maziwa, ikose nguvu.

Nilimwuliza kijana wa gereji ile, kwa upole, kwa nini hakupima. Multimita anayo, iko kwenye droo, betri yake imekufa. Jibu lake sikulitegemea: "Mzee, mteja halipi kuangaliwa. Analipa kufungiwa kitu." Nimekaa na jibu hilo siku kadhaa na sioni pa kulipinga. Ni kweli. Fundi akikaa saa nzima na multimita akagundua kutu ya boliti, utampa hamsini ya chai na "asante fundi". Akikufungia pampu kwa dakika arobaini, utalipa kazi bila kubishana, na duka la spea litamkumbuka pia. Tumeweka zawadi yote upande wa kukisia, halafu tunashangaa kwa nini wanakisia.

Linganisha na kazi yangu. Nikikaa siku mbili kutafuta hitilafu ambayo dawa yake ni kufuta herufi moja, natoza siku mbili. Hakuna mteja anayeniuliza nimemuuzia herufi ngapi. Fundi wa gari anafanya kazi ile ile ya akili, tena akiwa amelala chini ya gari kwenye matope ya Yamumbi mwezi wa Aprili, na tunamlipa kwa uzito wa chuma alichobadilisha. Vijana hawa si wajinga. Wengine wamepita Eldoret National Polytechnic, wengine wana vyeti vya NITA, kanuni ya Ohm wanaijua. Wameacha kuitumia kwa sababu haiwalipi.

Kuna wanaosema mashine za kusoma hitilafu zimemaliza kazi hii. Hapana jamani, wakati mwingine zimeizidisha. Namba za P0460 hadi P0464 ndizo za mafuta kwenye tangi. Zisome vizuri: hakuna inayosema "sensa imekufa". Zinasema saketi ya sensa. P0462 ni kwamba ishara iko chini mno, P0463 kwamba iko juu mno, P0464 kwamba inakatika katika. Kwa gari ambalo tangi likijaa ukinzani unashuka, ishara kuwa juu mno maana yake njia imekatika mahali fulani: waya umekatwa na panya, konekta imelegea, ethi imepotea, au ndiyo, sensa yenyewe. Washukiwa wanne, na fundi anamfunga mmoja tu kwa sababu jina lake limetajwa kwenye skrini.

Mashine hiyo hiyo ukiitumia kwa akili inasaidia sana. Gari lenye OBD linaweza kuulizwa kiwango cha mafuta moja kwa moja, ombi namba 2F kwa hesabu ya heksadesimali. Linajibu kwa baiti moja; zidisha kwa 100, gawa kwa 255, umepata asilimia. Ukiona asilimia ni sahihi lakini mshale umelala, basi sensa na waya wa nyuma havina kosa, nenda ukaangalie dashibodi. Tatizo ni kwamba magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayajibu ombi hilo, na huku kwetu mengi ndiyo hayo. Hapo unarudi kwenye multimita.

Njia ninayoipenda ni ile tunayotumia kwenye programu: gawa katikati. Katikati ya saketi hii ni konekta iliyo chini ya kiti cha nyuma. Itoe. Badala ya sensa, weka ukinzani unaoujua, zile rezista za shilingi chache kwenye maduka ya redio mjini. Weka omu 15 mahali pa sensa: mshale unapaswa kupanda hadi F, ingawa kwa magari mengi unapanda polepole, subiri. Weka omu 400 na zaidi: unapaswa kushuka hadi E. Ukitii, kila kitu kutoka konekta kwenda mbele ni kizima, na shida iko nyuma, kwenye sensa au ethi yake. Usipotii, usiguse tangi kabisa, shida iko mbele. Umeondoa nusu ya gari kwa dakika kumi. Nasisitiza rezista, si kuunganisha waya kwa waya kama wengi wanavyofanya. Kuna geji ambazo hazipendi hivyo na utazichoma.

Na tafadhali, mvuke wa petroli hauna utani. Fanya kazi nje, milango wazi, sigara mbali, na usitumie balbu ya kujaribia kwenye nyaya za sensa. Kipimo kwenye konekta hakihitaji kufungua tangi. Tangi linafunguliwa mwisho, ukiwa na namba zinazokuambia ufungue.

Ukifika hapo, sensa ikiwa mkononi na nje ya mvuke, sogeza mkono wa boya kutoka chini hadi juu polepole ukiangalia omu. Zinapaswa kubadilika bila kuruka. Multimita ya zamani yenye mshale inafaa kuliko ya dijitali, maana jicho linaona mshale ukishtuka mahali palipolika, wakati namba za dijitali zinarukia mbali bila kukuambia kitu. Litikise na boya. Ukisikia maji ndani, limetoboka na linazama. Sensa zinakufa kweli, sijasema hazifi. Mwaka 2004 petroli yenye salfa kupita kiasi kutoka kiwanda cha Norco, Louisiana, iliharibu sensa za magari kusini mwa Marekani, maana salfa ilikula sehemu za fedha zinazogusana. Huku kwetu neno "mafuta machafu" linatajwa kwa kila ugonjwa, na si bila sababu: mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa ajili ya wanaoyachanganya. Lakini kama ni mafuta, utaona magari mengi yaliyojaza mahali pamoja yakiugua wiki moja. Gari moja peke yake lenye boliti ya kutu si ushahidi.

Sensa ikiwa imekufa kweli, bado kuna mtego: ile ya mtumba inayotoshea. Hapa nawapeleka mbali kidogo. Tarehe 6 Agosti 2005 ndege ya Tuninter ya Tunisia, aina ya ATR 72, iliruka kutoka Bari, Italia, kwenda Djerba. Injini zote mbili zikazimika angani kwa kukosa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Palermo. Kati ya watu 39 waliokuwemo, 16 walikufa. Uchunguzi ulikuta kwamba siku iliyotangulia kipimo cha mafuta kilibadilishwa, na kilichofungwa kilikuwa cha ATR 42, ndugu yake mdogo. Kilitoshea mahali pake, kiliwaka, kilionyesha namba. Namba zilikuwa za uongo, na marubani waliamini wana mafuta ambayo hayakuwemo.

Konekta kufanana si maana kufanana. Kabla hujalipia sensa ya ex-Japan, ombea multimita hapo hapo dukani: omu ngapi boya likiwa chini, ngapi likiwa juu? Zilinganishe na za gari lako. Muuzaji akikukatalia, ondoka. Na wenye Subaru na magari mengine yanayovuta magurudumu yote manne, kumbukeni tangi lenu mara nyingi limegawanyika pande mbili na sensa ni mbili. Kwenye Subaru zimeunganishwa mfululizo, kwa hiyo ya upande wa pili ikikatika, hata ile nzima haisomeki. Wengi wametupa sensa nzima kwa kosa la mwenzake.

Sasa pesa. Ninachopendekeza ni hiki. Ukipeleka gari, uliza bei ya kupima peke yake, kabla boneti haijafunguliwa, na ulipe hata kama dawa ni msasa. Kwa malipo hayo fundi akuandikie namba kwenye karatasi: omu za sensa, volti za ethi injini ikiwa imezimwa na ikiwaka, mshale ulifanya nini kwa rezista. Asiye na namba hana haki ya kutaja spea. Najua wengine watasema mtu anayenunua petroli ya mia tano hawezi kulipa mara mbili. Lakini analipa mara mbili tayari, mara ya kwanza kwa pampu isiyosaidia na mara ya pili kwa dashibodi. Wengine watasema fundi mjanja atatoza kipimo na bado akisie. Ndiyo maana nataka karatasi. Namba za kubuni hazidumu siku fundi wa pili akipima.

Na kama mshale wako umekufa na hujapata nafasi ya kwenda popote, acha kuutazama kabisa. Jaza tangi mara moja, hata kwa kujinyima, rudisha sifuri ile mita ndogo ya kilomita, na uandike umetembea kilomita ngapi kwa lita ngapi kila ukijaza. Kwa barabara zetu za kupanda na kushuka kuelekea Burnt Forest na Timboroa, punguza robo ya hesabu yako. Ukifika hapo, ingia kituoni, mshale useme lolote.